Mazungumzo ya Nyumbani: Je, Penye Mamilioni Pana Haja ya Shilingi Elfu Moja?



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari ya swali moja ambalo husikika sana katika nchi yetu ya Mbulu na Hanang, na hapa Bashay pia halikukosa wasemaji. Swali hili huja hasa baada ya mavuno, mahindi na maharagwe yakiisha kuingia ghalani na vitunguu saumu vikiisha kuuzwa, wazee wa usharika wanapopita na daftari la michango. Mwenye nyumba hulitazama daftari, kisha husema: "Hospitali hiyo mnayoichangia ina wafadhili Ulaya. Ina magari na mashine ambazo bei yake mimi siwezi hata kuitamka. Shilingi yangu elfu moja itaongeza nini? Nikimimina kata ya maji katika ziwa la Basotu, je, ziwa litajua?"

Wengine humkemea mtu huyu na kumwita mchoyo. Sisi hatufanyi hivyo. Elfu moja yake ni chumvi na sabuni ya nyumba, au ni daftari la mtoto na kalamu yake. Mtu aulizaye fedha yake itafanya kazi gani ni mtu mwenye akili, na yampasa kujibiwa kwa hesabu. Habari ya yule mjane na sarafu zake mbili mnaijua nyote, wala hatuihubiri hapa. Twataka kuangalia jambo lenyewe kama lilivyo: Je, shirika lenye wafadhili wakubwa lina haja ya kweli na fedha kidogo ya mtu mmoja mmoja, au twaambiwa hivyo ili tusione haya?

Na tuchukue mfano tunaoujua sote, yaani Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, katika Wilaya ya Mbulu. Hospitali hii ilijengwa na Misheni ya Kilutheri ya Norway, ikafunguliwa mwaka 1955. Leo i chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Mbulu. Kwa miaka mingi Serikali ya Norway, kwa njia ya ubalozi wake, imeipa fedha nyingi, na marafiki wengine wa ng'ambo pia wameisaidia. Basi mtu asemapo kwamba Haydom ina wafadhili, asema kweli.

Wala tusizidharau fedha hizo kubwa, maana zimefanya kazi njema. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyoongozwa kutoka Haydom, katika hospitali 30 za mikoa 5, na Manyara imo. Wauguzi na wakunga walifundishwa tena na tena mahali pao pa kazi, kwa vyombo vya kujifunzia, jinsi ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua na mama atokwaye na damu. Vifo vya watoto wachanga na vya mama zao vilipungua. Kazi ya namna hii haifanyiki kwa fedha za kapu la kijiji kimoja. Mwenye kusema kwamba michango midogo inatosha kwa kila kitu, huyo naye hasemi kweli.

Lakini turudi nyuma kidogo, tuulize: fedha zile za kwanza, zilizojenga kuta za Haydom kabla ya mwaka 1955, zilitoka wapi?

Watu wengi wa siku hizi wakisikia jina la Norway, wafikiri habari ya mafuta na utajiri. Walakini mafuta ya Norway yalionekana chini ya bahari, mahali paitwapo Ekofisk, mwaka 1969, yaani miaka 14 baada ya Haydom kufunguliwa. Norway ya siku zile ilikuwa nchi iliyotoka katika vita. Ilikuwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani tangu mwaka 1940 hata 1945, na miji yake ya kaskazini ilikuwa imechomwa moto. Sukari na kahawa viliuzwa kwa kipimo, kila mtu na sehemu yake, mpaka mwaka 1952. Na misaada ya serikali ile kwa nchi za mbali ilikuwa bado midogo. Ilikuja kukua baadaye.

Nani basi aliyetoa? Misheni ile, iliyoanzishwa mwaka 1891 kwa ajili ya kazi ya China, iliishi kwa vikundi vidogo vya watu wa vijijini, wakulima na wavuvi, na zaidi ya wote kina mama. Kina mama wale walikutana nyumbani kwa mmoja wao, wakafuma soksi na sweta za sufu, wakaoka mikate, kisha wakauza vitu hivyo katika mnada wa usharika, na sarafu zilizopatikana wakazipeleka kwenye misheni. Milango ya China ilipofungwa karibu na mwaka 1950, sarafu hizo zikaelekezwa nchi nyingine, na moja ya nchi hizo ilikuwa Tanganyika.

Yafaa tulifikiri jambo hili polepole. Hospitali ambayo sisi twasema haina haja na senti zetu kwa sababu imejengwa na matajiri, haikujengwa na matajiri. Ilianzishwa kwa senti za watu wa namna yetu, mama wa nyumba waliokuwa wakipimiwa sukari. Fedha kubwa za serikali zilikuja baadaye, zikaikuta kazi imekwisha kusimama. Na ndivyo ilivyo kwa kazi nyingi njema: watu wadogo hutangulia, wakubwa hufuata wakiisha kuona kwamba jambo lina miguu.

Mtu ataweza kujibu, "Vema, hayo yalikuwa ya mwanzo. Sasa wakubwa wamekwisha kuja. Sisi wadogo tu wa nini tena?" Basi na tuitazame tabia ya fedha kubwa.

Tabia yake ya kwanza ni hii: fedha kubwa huja na jina limeandikwa juu yake. Mfadhili atoaye milioni mia huandika katika mkataba kwamba hizi ni za jengo la upasuaji, na hizi ni za utafiti wa lishe, na hizi ni za mafunzo ya wakunga. Mganga mkuu hana ruhusa ya kuzichukua fedha za utafiti akanunulia dizeli ya jenereta usiku umeme ukikatika. Akifanya hivyo, hata kwa nia njema, mkaguzi wa hesabu atamwandika. Kwa hiyo yaweza kutokea hospitali ikawa na mashine mpya ya bei kubwa, na papo hapo ikakosa fedha ya kuziba bati linalovuja juu ya mashine hiyo. Mtu apitaye nje huona mashine, husema, "Hawa ni matajiri." Bati haioni.

Lakini elfu moja itolewayo na mtu wa Bashay bila masharti haina jina juu yake. Yaweza kuwa dizeli, au sabuni, au nauli ya kumrudisha kwao mgonjwa aliyepona naye hana mtu. Mwenye kusimamia kazi akiwa na fungu dogo la fedha huru, aweza kufanya mambo ambayo hawezi kuyafanya kwa fungu kubwa lililofungwa. Wasimamizi wengi wa mashirika, wakubwa kwa wadogo, wajua thamani ya fedha huru.

Katika mambo hayo twaweza kutaja mgonjwa asiyeweza kulipa. Wengine husema, "Mimi nilipougua nililipa; huo si mchango?" Hapana, ndugu, hiyo ni malipo, ulipewa dawa, ukatoa bei yake. Lakini yule aliyeletwa kwa machela kutoka bondeni, ng'ombe wake wamekwisha kufa kwa ukame, nani atalipa bei yake? Hospitali haimfukuzi, na dawa zake si bure. Deni lake hubaki katika kitabu. Wafadhili wa mbali hupenda kujenga jengo, maana jengo huonekana katika picha. Kulipa madeni ya maskini ambao majina yao hayajulikani hakupendezi sana machoni pa watu wa mbali. Sisi twawajua maskini hao. Ni jirani zetu.

Tabia ya pili ya fedha kubwa ni kwamba yaweza kuondoka kwa siku moja. Mkono mmoja ukitoa, mkono mmoja waweza kufumba. Jambo hili tumeliona wenyewe. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90 ili ichunguzwe. Shirika la misaada la serikali ile, USAID, lililoanzishwa mwaka 1961, lilikoma kazi zake tarehe 1 Julai 2025. Katika Tanzania yetu fedha za Marekani zilikuwa zikilipia sehemu kubwa ya matunzo ya watu wenye virusi vya UKIMWI. Kazi zilizopangwa kwa miaka zikasimama kwa barua moja. Wala si Marekani peke yake. Uingereza ilipunguza misaada yake mwaka 2021 kutoka sehemu 0.7 katika mia ya pato la nchi hata 0.5, na Februari 2025 ikatangaza kwamba itaishusha tena hata 0.3 ifikapo mwaka 2027.

Hatusemi kwamba michango ya vijijini ingeweza kuziba shimo kubwa kama hilo. Haingeweza, na mtu asiwadanganye. Twasema jambo dogo zaidi, lakini la kweli: shirika lenye watoaji elfu kumi haliwezi kuwapoteza wote kwa siku moja. Mmoja akifiwa, mwingine mahindi yake yakiungua kwa jua, wengine wabaki. Fedha yao ni ndogo, lakini hailali wala haiamki kwa neno la mtu mmoja. Nayo yaweza kumshika muuguzi asiondoke katika miezi ile mibaya, wakati wakubwa wakishauriana.

Wazee wetu wa Kilutheri wa upande wa kaskazini waliujua mtihani huu zamani. Misheni ya Leipzig ilianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Vita ile ya kwanza ya dunia ilipokwisha, serikali ya Kiingereza iliwaondoa karibu wamisheni wote wa Kijerumani, mwaka 1920. Fedha za Ujerumani zikakatika pamoja nao. Kilichobaki ni waalimu na wazee wenyeji, na shule za majani, na watu waliozoea kuleta walichonacho. Sharika hazikufa. Katika miaka iliyofuata Walutheri wa Marekani walikuja kusaidia, wakakuta kitu cha kusaidia. Kama watu wale wangalijizoeza kusema, "Hii ni kazi ya Wajerumani, na wailipie Wajerumani," Wamarekani wangalikuta magofu.

Tabia ya tatu ya fedha kubwa ni upole wa mwendo. Lazima iandikiwe, ijadiliwe, ipigiwe kura, itiwe sahihi. Mkumbuke tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa ilipoporomosha tope na mawe na miti kutoka Mlima Hanang hata mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa, na nyumba nyingi zilifukiwa. Serikali ilikuja kwa nguvu, na askari wake, na misaada ilitoka mbali. Lakini saa ile ya kwanza, mikono iliyochimba ni ya jirani, na blanketi la kwanza lilitoka katika nyumba iliyosalimika.

Hata katika nchi kubwa imekuwa hivyo. Mwaka 2011 ukame mkali ulishika kaskazini ya Kenya, hasa Turkana. Mashirika makubwa ya dunia yalikuwapo, na ghala zao. Hata hivyo mwezi wa Julai mwaka ule Wakenya walianzisha changizo lao wenyewe, wakaliita Kenyans for Kenya, fedha zikitumwa kwa simu na kukabidhiwa Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya. Mtu aliweza kutoa hata shilingi 10. Waliweka shabaha ya shilingi milioni 500 za Kenya katika wiki nne, wakaipita. Chama kile hakikuwa maskini. Kilikuwa na wafadhili wake. Lakini jambo lile liliwafundisha watu wa Nairobi kwamba mtu wa Turkana ni wao, wala si wa mashirika ya kigeni.

Sasa, waalimu, twapenda mwangalie jambo jingine ambalo huenda likawashangaza. Mwadhani Marekani, nchi yenye matajiri kupita zote, haijali senti za wadogo. Sheria yake ya kodi yasema vingine. Shirika la hisani likitaka kuhesabiwa kuwa la watu wote, na si mali ya familia moja, hupimwa kwa hesabu za miaka mitano: kwa kawaida theluthi ya mapato yake itoke kwa watu wengi au kwa serikali. Na katika hesabu hiyo, mtu mmoja akitoa fedha nyingi, haihesabiwi kwa upande wa watu wengi ila kadiri ya sehemu mbili katika mia za mapato yote. Lililopungukiwa na theluthi laweza kujitetea kwa sababu nyingine, mradi lisishuke chini ya sehemu ya kumi.

Andikeni ubaoni mfano huu. Shirika limepata dola 1,000,000 katika miaka mitano. Tajiri mmoja alitoa 940,000. Watu wadogo, kila mtu kidogo kidogo, walitoa 60,000. Ya tajiri yatahesabiwa 20,000 tu. Jumla ni 80,000, yaani sehemu 8 katika mia. Hata sehemu ya kumi haikufika. Shirika hilo lina mali, lakini sheria haitaliita la watu wote. Italiweka pamoja na mifuko ya matajiri, yenye masharti makali zaidi. Basi huko shirika laweza kuwa na sanduku lililojaa, na bado likawatafuta watoaji wadogo kwa bidii, maana hao ndio mashahidi wake kwamba ni la watu.

Sisi hatuna sheria ile, lakini maana yake yatuhusu. Mfadhili wa mbali ajapo kuitazama kazi, mara nyingi huuliza: wenyeji wenyewe watoa nini? Haulizi kwa sababu ahitaji fedha zao. Aulize kwa nini basi? Kwa sababu ataka kujua kama atakapoondoka kutakuwa na mtu wa kufunga mlango usiku na kuufungua asubuhi. Daftari lenye majina 300 ya watu wa kijiji, kila mmoja na elfu yake, humjibu vizuri kuliko hotuba.

Tena liko jambo la heshima ya nyumba. Asiyetoa chochote huona haya kuuliza. Akiona dawa zimepotea au gari la kazi laenda harusini, hunyamaza, akisema moyoni, "Si fedha yangu." Aliyetoa elfu moja ana neno. Aweza kusimama katika mkutano wa usharika, akasema kwa adabu, "Wazee wangu, twaomba kusomewa hesabu." Na kazi ambayo watu wake huuliza hesabu hukaa katika unyofu kuliko kazi ambayo hukaguliwa mara moja kwa mwaka na mgeni asiyejua njia za huku.

Tusisahau pia kwamba ziko zawadi ndogo ambazo utajiri wote wa Ulaya hauwezi kuzitoa badala yetu. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, hufa kwa muda mfupi, na hii ni mojawapo ya sababu kubwa za vifo vya wazazi. Ahitaji damu. Fedha yaweza kununua mfuko wa kutilia damu, na friji ya kuihifadhi, na kumlipa mpimaji. Damu yenyewe haikai zaidi ya wiki chache, wala haiji kwa meli. Yatoka katika mkono wa mtu wa hapa. Mtu mwenye afya, mwenye umri wa miaka 18 na zaidi na uzito usiopungua kilo 50, aweza kutoa, mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Kijana asemaye, "Mimi sina kitu, nao wana wafadhili," huyo ana kitu ambacho wafadhili hawana.

Hata hivyo, wapenzi, kweli ina pande mbili. Hatutaki mtu atoe kwa kufumba macho. Kuna nyakati ambapo yafaa kuzuia mkono.

Kwanza, usitoe mahali ambapo hesabu hazisomwi. Si lazima wawe wezi. Lakini kazi isiyosoma hesabu mbele ya watu yawakaribisha wezi. Uliza kwa upole mara ya kwanza, na mara ya pili. Wasipojibu, elfu yako ipeleke kwingine.

Pili, usitoe fedha ndogo kwa njia inayoimaliza njiani. Kutuma elfu moja kwa simu kuna makato. Kuandika stakabadhi moja moja kuna kazi ya karani. Heri nyumba za jumuiya moja zikusanye pamoja, mtu mwaminifu aandike, fedha ziende mara moja kwa robo mwaka, na stakabadhi isomwe mbele ya wote.

Tatu, usitoe chakula cha watoto wako ili jina lako lisomwe. Mwenye deni la ada na ghala tupu, mchango wake mwaka huu ni kulea watoto wake vema. Na wazee wa daftari wamheshimu, wala wasimsome jina kwa sauti ya kumwaibisha.

Nne, tazama kama karibu nawe kuna haja ambayo hakuna mkubwa aitazamaye. Haydom na Dareda zajulikana mbali, zina marafiki. Lakini zahanati ya kijiji chako yaweza kukosa pazia na ndoo. Bibi kizee jirani yako yaweza kuwa hakuna amletaye kuni. Elfu moja pale yaonekana mchana kweupe. Mtu anayezigawa fedha zake kidogo hospitali na kidogo kwa jirani hakukosea. Mtu asemaye, "Hospitali haina haja," kisha kwa jirani pia asitoe, huyo hakuwa akitafuta hesabu tangu mwanzo.

Sasa twarudi kwa yule mwenye nyumba na kata yake ya maji. Ziwa la Basotu halina haja na kata yake, hilo ni kweli. Lakini hospitali si ziwa. Ziwa hujazwa na mvua, wala halina mwenyewe. Hospitali, na shule, na kila shirika la namna hii, huenda kwa mikono ya watu, nayo lazima iwe na wenyewe. Fedha kubwa yaweza kuifanya iwe na nguvu. Haiwezi kuifanya iwe yetu.

Waalimu, wapeni watoto wa darasa la tano hesabu hii: Kijiji kina nyumba 300. Kila nyumba ikitoa shilingi 1,000 kila mwezi, ni shilingi ngapi kwa mwezi, na ngapi kwa mwaka? Watapata 300,000, kisha 3,600,000. Halafu waulizeni swali la pili, ambalo halimo katika kitabu: Nyumba 100 zikisema, "Wao wana wafadhili," zitabaki ngapi? Na nani atalipa kwa ajili ya yule wa machela? Waacheni watoto wajibizane. Wakifika nyumbani watawauliza baba zao, na baba zao watalazimika kufikiri.

Na ninyi baba na mama, lizungumzeni jambo hili pamoja kabla daftari halijafika, mkae na hesabu za nyumba yenu mkononi: ada kiasi gani, mbegu kiasi gani, chumvi na sabuni kiasi gani. Mkiona yamebaki machache, amueni pamoja kiasi chenu, kiwe kidogo, lakini kiwe cha kila robo mwaka bila kukosa. Mkikitoa, waambieni wazee wa daftari kwamba mtakuwapo siku ya kusomwa hesabu, nanyi mwende kweli.